Matundu matano si matundu matano

Mara iliyopita dada zetu waliandika juu ya kushona, na kabla yao kuna ndugu aliandika juu ya nyuki. Sasa zamu imefika kwetu sisi vijana wa gereji, na tutaandika juu ya rimu. Ndiyo, rimu za gari, zile za kung'aa. Msicheke kwanza. Someni mpaka mwisho, mtaona kwamba ndani yake kuna mambo ya hela, kuna heshima kwa wazee, na kuna mama mjamzito anayepelekwa hospitali saa nane usiku.

Sisi ni vijana saba. Wanne tumetoka Kongo upande wa Aru, wawili Sudan Kusini, na mmoja ni Mkakwa wa hapa hapa Koboko, raia. Kila Jumamosi tunajitolea kwenye gereji moja ya mjini Koboko. Fundi mwenyewe anatuachia uwanja na vifaa, na sisi tunamsaidia kazi. Hata majina ya vitu hatukubaliani. Waliosoma Kongo wanasema janti, waliosoma Uganda wanasema rimu. Hapa tutaandika rimu ili twende pamoja.

Sasa gari lenyewe. Kuna mzee mmoja wa kambini kwetu ana Toyota Mark II, GX90. Wenye kupenda magari tayari wameelewa. Kizazi hicho cha Mark II kilianza kutoka Japani 1992 na kikaishia 1996. Injini yake ina silinda 6 kwenye mstari mmoja, na nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma. Gari refu, limekaa chini, likikanyagwa linaguruma kwa heshima. Wamarekani wana magari yao ya nguvu ya zamani, kama Ford Mustang na Pontiac GTO za 1964, na Chevrolet Camaro iliyokuja 1966. Vijana wa kule walikuwa wanavua rimu za chuma za kiwandani na kuvalisha za alumini, pana, zenye mikono mitano. Sisi Mustang tunaiona kwenye simu tu. Mustang yetu ni Mark II ya Mzee.

Na gari kama hilo ukilipoteza hupati lingine kirahisi. Mwaka 2018 Uganda ilibadilisha sheria ya barabara, na gari lililofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa haliruhusiwi tena kuingizwa nchini. Kwa hiyo yaliyopo ndiyo hayo hayo. Ukiliharibu, umeliharibu.

Mzee analitumia kwa kukodisha. Mchana anabeba watu wa soko na wa harusi, usiku anabeba wagonjwa. Watu wa mitaa ya ndani wanajua namba yake ya simu kuliko namba nyingine yoyote. Tangu chakula cha msaada kilipopunguzwa 2023, wengi wameingia kwenye biashara hiyo ya kubeba watu, na wenye harusi wanachagua gari la kupendeza. Mzee akaona: nikiweka rimu nzuri, nitapata harusi za Koboko mpaka Arua. Hilo si wazo la kijinga. Ni biashara.

Akaenda Arua, akaona rimu nne za mtumba, inchi 17, nzuri kweli. Muuzaji akamwambia, "Mzee, gari lako lina matundu matano, na hii ina matundu matano. Matundu matano ni matundu matano." Mzee akaacha arabuni ya shilingi 100,000, akapewa mbili aje nazo ajaribu. Akatuletea siku ya Alhamisi. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Hapa ndipo somo linapoanza, na tunaomba kila mwenye ndugu yake dereva amwonyeshe.

Stadi tano za gari zimekaa kwenye duara. Kipimo cha duara hilo ndicho kinachosema rimu ni ya gari gani. Mark II ya GX90 ina duara la milimita 114.3. Namba hiyo inaonekana ya ajabu mpaka ujue kwamba ni inchi 4 na nusu. Mustang ya zamani yenye injini ya V8 nayo ina stadi tano kwenye duara hilo hilo. Lakini Camaro, ya Marekani hiyo hiyo na miaka hiyo hiyo, ina tano kwenye inchi 4 na robo tatu, yaani 120.65, na haibadilishani rimu na Mustang hata kidogo. Premio nyingi na Subaru nyingi zina tano kwenye milimita 100. BMW nyingi ni 120. Mercedes na Volkswagen nyingi ni 112.

Umeona hatari iko wapi? Rimu ya 100 haiingii kabisa kwenye Mark II, kwa hiyo haiui mtu. Hatari ni ile ya 112, kwa sababu inaingia. Tofauti yake na 114.3 ni milimita 2 na kitu. Matundu ya rimu huwa mapana kidogo kuliko stadi, basi ukisukuma inakubali, na macho yanakubali pia.

Kupima ni rahisi. Huwezi kupima duara moja kwa moja, kwa sababu kwenye matundu matano hakuna tundu linaloangaliana na lingine. Pima kutoka ukingo wa kushoto wa tundu moja mpaka ukingo wa kushoto wa tundu la jirani yake. Kisha gawanya kwa 0.588. Rimu ya 114.3 itakupa milimita 67 na kidogo kati ya majirani. Ile ya 112 itakupa chini kidogo ya 66. Futi kamba ya fundi cherehani haitoshi hapo, maana tofauti ni kama milimita moja na nusu. Inatakiwa venia. Fundi wetu anayo moja, ya zamani, anaifunga kwa kitambaa kama Biblia.

Tukapima mara tatu, kila mtu na mkono wake. 66 kasoro, 66 kasoro, 66 kasoro. Zilikuwa rimu za 112.

Sasa unamwambiaje mzee? Hapa kwetu kijana hamwambii mzee "umedanganywa", tena mbele ya watu. Ni sawa na kumwambia hana akili. Na sisi ni nani? Vijana wa kujitolea, wengine tuna cheti cha miezi sita, wengine hatuna hata hicho. Basi yule mkubwa wetu akasema, "Baba, tusaidie kushika upande huu, tufunge pamoja kwa vidole tu." Mzee akainama, akafunga nati ya kwanza mwenyewe. Ikaingia vizuri. Akafunga ya pili. Alipofika zile za upande wa pili, nati zikakaa kiupande. Tukakata kipande cha karatasi ya daftari tukampa. Akakipitisha kati ya nati na rimu, upande mmoja kikapita, upande wa pili kikagoma. Akakipitisha tena. Akanyamaza.

Kulikuwa na kijana mmoja wa mjini pale, si wa kikundi chetu, akacheka. "Wekeni bomba refu, itajivuta yenyewe." Na kweli, itajivuta. Ukiweka bomba la mita moja na kijana wa kilo 70 akasimama juu yake, nati itakwenda mpaka mwisho. Lakini kinachojivuta ni stadi. Inapinda. Na stadi iliyopindwa ikizunguka na gari ni kama waya unaopindisha huku na huku mpaka ukatike. Tulimpigia hesabu Mzee chini kwa kijiti. Gurudumu la gari lake linatembea karibu mita 2 kwa mzunguko mmoja. Arua mpaka Koboko ni karibu kilomita 55. Hiyo ni mizunguko zaidi ya 27,000 kwa safari moja ya kwenda tu. Waya gani unavumilia kupindishwa mara 27,000?

Na kuna la pili. Nati ya Toyota kwa rimu nyingi za kununua ina kichwa cha koni, na tundu la rimu linatakiwa liwe na koni hiyo hiyo. Tundu la rimu ya Mercedes limechongwa la duara kama bakuli, kwa ajili ya bolti zake. Koni ndani ya bakuli inagusa mstari mwembamba tu. Leo inakaza, kesho imelegea.

Mzee akauliza swali moja: "Arabuni yangu je?" Hatukuwa na jibu. Alirudisha zile rimu Arua, na hela haikurudi. Harusi ya Jumamosi nayo ikachukuliwa na gari lingine, kwa sababu wenye harusi walishaahidiwa rimu. Wiki mbili Mzee alikuwa anatusalimia kwa kukata, "Hamjambo," na kupita. Tulielewa. Kijana anayekuzuia usile leo, hata kama ana sababu, si rafiki yako leo.

Kisha akaja mwenyewe. Akasema, "Watoto wangu, twendeni wote Arua. Mje na ile chuma yenu ya kupimia." Fundi akatuazima venia, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa chake. Tulikwenda watatu.

Siku hiyo tulikataa rimu nyingi kuliko tulizozipenda. Tuwaambie tulichokuwa tunaangalia, kwa mpangilio, ili na ninyi muwe nao.

Kwanza duara: 114.3, kwa venia, siyo kwa mdomo wa muuzaji.

Pili ukubwa. Mzee alitaka inchi 17. Gari lilikuwa na inchi 15, tairi 195/65. Namba hiyo 65 maana yake ukuta wa tairi ni asilimia 65 ya upana, yaani milimita 127 hivi za mpira kati ya rimu na barabara. Kwa inchi 17 na tairi 205/50, urefu wote wa gurudumu unabaki karibu sawa, lakini ukuta unashuka mpaka milimita 102. Arua hadi Koboko ni lami, sawa. Lakini kutoka mjini Koboko kwenda kambini ni murram, na mvua ikinyesha kila mtu anajua yale mashimo. Tairi nyembamba kwenye shimo inaminywa, rimu ya alumini inapasuka. Tukamwomba Mzee akubali inchi 16 na tairi 205/55. Hapo ukuta ni milimita 113, na urefu wa gurudumu haubadiliki kiasi cha kusumbua spidi mita. Alisononeka kidogo. Kisha akasema, "Harusi inakaa saa mbili, murram iko kila siku." Ndiyo hivyo.

Tatu, rimu itakaa wapi. Nyuma ya rimu huwa kuna namba. Kwenye rimu ya zamani ya Mzee upana ni inchi 6 na kuna namba 50. Hiyo 50 ni milimita kati ya katikati ya upana wa rimu na uso unaogusa habu. Namba ikishuka, gurudumu linatoka nje. Rimu tulizopata ni inchi 7 na 45. Piga hesabu: upana umeongezeka inchi 1, nusu yake ni milimita 12.7 kila upande. Namba imeshuka 5. Kwa hiyo kwa nje gurudumu limetoka 12.7 na 5, karibu milimita 18. Kwa ndani limeingia 12.7 kutoa 5, karibu milimita 8. Basi ukaangalie: nje kuna milimita 18 kabla ya kugusa madigadi? Ndani kuna 8 kabla ya kugusa shokamzoba? Hesabu hiyo ni ya darasa la sita, lakini ndiyo inayookoa madigadi.

Nne, uzima wa rimu. Tuliangalia alama ya JWL iliyochapwa kwenye chuma, ambayo ni alama ya kiwango cha Japani kwa rimu za aloi. Halafu nyufa. Njia yetu ni ya maskini lakini inafanya kazi: paka mafuta ya taa kwenye mikono ya rimu na kando ya matundu, subiri kidogo, futa mpaka pakauke, kisha piga unga wa chaki ya shule. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kulowesha chaki, na utaona mstari kama unywele. Rimu moja ilituonyesha unywele huo. Muuzaji huyu wa pili alikuwa mtu mzuri, alikuwa na rimu ya tano ya kundi hilo hilo, akatubadilishia bila maneno. Akaomba tumfundishe ile ya chaki.

Tano, tundu la katikati. Habu ya Mark II ina kipenyo cha milimita 60.1 katikati, na rimu ya kiwandani inakaa juu yake bila kucheza. Rimu za kununua huwa na tundu kubwa ili ziuzwe kwa magari mengi. Hizi zilikuwa 73.1. Ukifunga hivyo hivyo, rimu inaning'inia kwenye nati tu wakati wa kufunga, inaweza kukaa pembeni kidogo, na ukifika kilomita 80 au 90 kwa saa usukani unatetemeka. Dawa yake ni ringi: nje 73.1, ndani 60.1. Pale Arua kuna mafundi wa mashine ya leti. Mmoja akatukerezea nne za alumini. Zilipoingia zilitoa sauti ndogo, tik, na rimu ikasimama yenyewe bila nati hata moja. Mzee alicheka kwa mara ya kwanza.

Kwa wenye Premio, hapa kuna mtego wenu. Rimu ya Subaru ya 5 kwa 100 inaingia kwenye Premio nyingi, duara ni lile lile. Lakini katikati Subaru ni 56.1 na Premio hizo ni 54.1, kwa hiyo inataka ringi. Na nati za Subaru msizitumie kamwe kwenye Toyota. Zote unene wake ni 12, lakini nyuzi za Subaru ni 1.25 na za Toyota ni 1.5. Ukilazimisha, unakula nyuzi za stadi.

Jumamosi iliyofuata tukafunga. Tulisugua kutu yote kwenye uso wa habu kwa brashi ya waya, kwa sababu ganda la kutu chini ya rimu likija kusagika, nati imelegea bila mtu kuifungua. Stadi mbili zilikuwa na nyuzi zilizochoka, tukabadilisha. Hatukupaka grisi kwenye koni za nati. Tukafunga kwa vidole zote tano kwanza, gari likiwa juu ya jeki, kisha kwa kuruka moja kama unachora nyota, siyo kwa kuzunguka.

Sasa kukaza. Toyota nyingi ndogo za namna hii zinataka nati ikazwe kwa kilo 1,050 za sentimita, au nyutoni mita 103 kwa hesabu ya shule. Ipo spana maalumu ya kupima nguvu hiyo, inalia ikifika. Sisi hatuna. Mdogo wetu mmoja, aliyependa fizikia kabla ya kukatiza shule, akauliza: "Kilo 21 mara sentimita 50 ni ngapi?" Tukapiga. 1,050. Na kilo 21 iko wapi? Iko kila nyumba ya kambi. Jerikeni ya njano ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20, na plastiki yake kama kilo moja. Tukaipima kwenye mizani ya muuza mahindi kuhakikisha.

Basi tukatia alama kwenye mkono wa spana, sentimita 50 kutoka katikati ya nati. Gari likashushwa, breki ya mkono juu. Spana inalala sawasawa kama meza, jerikeni inafungwa kwa kamba pale kwenye alama, na unaiachia taratibu, bila kuirusha. Spana ikishuka, nati ilikuwa bado. Irudishe ilale tena, achia tena. Siku spana inabaki imelala na jerikeni inaning'inia bila kushuka, umefika. Nati ishirini, tulifanya ishirini zote. Watoto walijaa kutazama, wakadhani ni mchezo. Yule kijana wa bomba la mita moja tukamwonyesha: kilo zake 70 kwenye mita moja ni karibu mara 7 ya kile gari linachotaka. Safari hii hakucheka, aliomba kushika kamba.

Kuna jambo moja lazima tuseme: spana ya kupima ni bora kuliko jerikeni. Ukiipata, itumie. Jerikeni ni ya sisi ambao hatujaipata.

Halafu tukaingia ndani watu watano, na gunia la mahindi kwenye buti, maana gari la Mzee haliendi tupu. Tukakata usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, tukapita kwenye matuta polepole. Tulikuwa tumepaka chaki kwenye bega la tairi. Kama inagusa popote, chaki itafutika. Haikufutika.

Mzee akaenda Arua na kurudi, na tulimwambia asimame akifika kule, gari lipoe, apitishe jerikeni tena. Nati za rimu mpya hukaa vizuri baada ya kutembea kidogo, na kilomita 50 mpaka 100 ndiyo muda wa kuzikagua. Nati nne zilikubali kuzunguka kidogo sana. Baada ya hapo hakuna hata moja. Kwenye buti tumemwekea nati za zamani ndani ya soksi, kwa ajili ya tairi la akiba lenye rimu ya chuma ya kiwandani.

Tangu siku hiyo amepata harusi, siyo nyingi kama alivyoota, lakini amepata. Arabuni aliyopoteza ameshairudisha. Na usiku anaendelea. Wiki iliyopita alimpeleka mama mmoja wa mtaa wetu hospitali ya Koboko, mvua inanyesha, na asubuhi tukaambiwa ni mtoto wa kike. Hakuna aliyezungumza juu ya rimu. Na ndiyo sawa. Gurudumu lililofungwa vizuri halina habari.

Hilo tunawaambia hasa ninyi ndugu zetu wa mashirika. Tunajua ripoti zenu zinataka kitu cha kuhesabu: vijana wangapi wamefundishwa, maboksi mangapi ya vifaa yametolewa. Ajali ambayo haikutokea haina safu kwenye fomu. Lakini angalieni lile boksi la vifaa. Kuna spana, kuna bisibisi, kuna nyundo. Vyote ni vya kufungua na kufunga na kugonga. Cha kupimia hakuna. Hatuombi kila kijana apewe chake. Tunaomba kila kikundi kiwe na venia moja na spana moja ya kupima nguvu, zikae mahali pamoja, ziandikwe kwenye daftari anayeazima. Fundi bila kipimo anabaki na mdomo tu, na mdomo wa mkimbizi kijana hauna uzito mbele ya muuzaji wala mbele ya mzee. Siku ile ya Alhamisi hatukushinda kwa kusema. Mzee alijionea mwenyewe, kwa karatasi ya daftari.

Na ninyi vijana wenzetu, msione aibu kupenda vitu vya kung'aa. Tunaishi kwenye vumbi, macho yanataka kupumzika. Valisheni magari yenu, na pikipiki zenu pia. Ila mkiambiwa matundu matano ni matundu matano, ombeni venia. Jumamosi tupo gereji mpaka saa kumi na moja jioni, leteni rimu zenu kabla ya kuacha arabuni. Kupima ni bure. Njooni na jerikeni yenye maji.